Moshi Ni Kuni Zisizoungua

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi katika semina ya chama kikuu cha ushirika.)



Vyama vya msingi vilivyokopesha wanachama wao majiko banifu vina daftari la mikopo hiyo, na aghalabu daftari huwa safi kuliko dohani za majiko yenyewe. Jina la mkopaji lipo, tarehe ipo, kiasi kilichokatwa katika malipo ya kahawa kipo, na sahihi ya mjumbe wa kamati ipo. Lakini mtu akitoka ofisini akapita vijijini saa kumi na moja za jioni, wakati mioto ya chakula cha usiku inapowashwa, ataona moshi mweupe mzito ukitambaa juu ya mapaa kama ulivyotambaa kabla ya mkopo. Akiingia jikoni atamkuta mama mwenye nyumba akifuta machozi, mtoto mgongoni anakohoa, na jiko jipya limejazwa kuni mpaka mlango wake hauonekani. Pengine atakuta mafiga matatu yamerudishwa mahali pake, na jiko lililolipiwa limegeuzwa kiota cha kuku.

Katika hali hiyo wengi huhukumu kwamba jiko ni baya. Yapo majiko mabaya kweli, na fundi asiyejua kazi yake hakosekani katika wilaya yoyote. Hata hivyo, hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Hakuna chama kilichopata kununua mashine ya kumenya kahawa kikaiacha mlangoni kwa mwanachama bila ya kumwonyesha namna ya kuirekebisha na kuisafisha, maana kila mtu ajua kuwa mashine isiyorekebishwa huponda buni. Jiko la kuni nalo ni mashine. Tofauti ni kwamba kila mtu amezaliwa akakuta moto unawaka nyumbani, kwa hiyo kila mtu hudhani kuwa kazi ya kuuendesha ameshaijua.

Hapana budi kuanza na moshi wenyewe, kwa sababu asiyejua moshi ni kitu gani hataona sababu ya kuuondoa isipokuwa machozi. Ukuni hauungui kwa namna ambayo macho yanadhani. Ukipata joto, kwanza hutoa maji yaliyomo ndani yake. Maji yakisha, joto hupanda, na kati ya nyuzi 200 na 300 za sentigredi ukuni huanza kuvunjika wenyewe kwa wenyewe, ukatoa mvuke mzito wa hewa na lami. Mvuke huo ndio unaoshika moto na kufanya ndimi zinazoonekana. Anayetaka kuhakikisha na autazame mshumaa: ulimi wa moto haugusi nta, bali umesimama juu yake, kwa maana kinachoungua ni mvuke wa nta wala si nta yenyewe. Mvuke wa ukuni ukisha kutoka wote, kinachobaki ni makaa, nayo huungua polepole kwa wekundu, karibu bila ya ndimi.

Katika uzito wa ukuni mkavu, sehemu kama robo tatu hutoka kwa njia ya mvuke huo, na zaidi ya nusu ya joto lote la ukuni imo humo. Sasa, mvuke huo ukikosa kuungua hauendi mbinguni ukapotea. Hupoa, ukawa matone madogo sana ya lami pamoja na chembe za masizi, na huo ndio moshi. Kwa hiyo mama aliyetembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni, akaubeba kichwani, kisha akauchoma kwa moto wa moshi, ameipeleka sehemu kubwa ya mzigo wake kwenye paa na kwenye mapafu. Mwanachama anayenunua kuni kwa fedha naye amenunua moshi kwa bei ile ile ya kuni.

Ili mvuke uungue, mambo manne yapasa kukutana mahali pamoja: joto la kutosha, yaani kiasi cha nyuzi 600 na kuendelea, hewa safi, kuchanganyika kwa hewa hiyo na mvuke, na nafasi ya kuungua kabla ya kugonga kitu baridi kama tako la sufuria. Moto wa mafiga una hewa tele, lakini hewa hiyo hupita ovyo na kuupoza moto. Jiko lililoshindiliwa kuni lina joto, lakini limekosa hewa. Jiko banifu lililojengwa vizuri huleta yote manne katika chumba chake kidogo cha moto, kwa sharti kwamba anayeliwasha asiliharibie kazi hiyo. Na njia ya kwanza ya kuiharibu, tena ndiyo iliyoenea kuliko zote, ni kutia ukuni mbichi.

Mti uliokatwa leo una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na miti mingine huzidi. Mzigo wa kilo 10 wa kuni mbichi basi ni kilo 5 za kuni na kilo 5 za maji, na wote wamebebwa na shingo moja. Mtu mwenye hesabu anaweza kusema kuwa hasara si kubwa, kwani kuyachemsha na kuyageuza mvuke maji yale kilo 5 hakuhitaji hata joto la kilo 1 ya ukuni mkavu. Hesabu yake ni sahihi, lakini jibu lake si sahihi. Hasara kubwa haimo katika joto linaloliwa na maji, bali katika ubaridi ambao maji yanauleta. Maadamu maji yanatoka, ukuni hauwezi kupanda sana juu ya joto la maji yanayochemka; na chumba cha moto, badala ya kufika nyuzi 600, hubaki chini mno. Mvuke wa lami hutoka, lakini haushiki moto. Ndipo mpishi huongeza kuni nyingine mbichi, akainama akapuliza, na kila anapoacha kupuliza moshi hurudi.

Ukuni uliokaushwa vizuri kwa upepo na jua hubaki na maji kama sehemu moja katika tano au sita za uzito wake. Hapo huwaka kwa wepesi na hauhitaji pumzi za mtu. Namna ya kuutambua ukuni huo wazee wanaifahamu: ncha zake zina nyufa, gamba linabanduka, ni mwepesi mkononi, na vijiti viwili vikigonganishwa hulia kwa sauti kali, si kwa mbwatuko wa kitu kilicholowa. Lakini vyama vya ushirika vina chombo bora kuliko masikio, nacho ni mizani ya ghala. Mizani hiyo hulala bila kazi kwa miezi mingi baada ya msimu wa kupokea kahawa. Mwanachama achukue gogo moja katika mzigo aliokata, alitie alama ya rangi, alipime na kuandika uzito wake, kisha alirudishe katikati ya rundo. Kila baada ya wiki mbili alipime tena. Gogo la kilo 10 lililokuwa na kilo 5 za maji likifika kilo 6, limebakiwa na kilo 1 tu ya maji, yaani sehemu moja katika sita, na rundo lote lililokatwa pamoja nalo liko tayari au karibu na kuwa tayari. Hata pasipo hesabu hiyo, gogo ambalo uzito wake haushuki tena katika kiangazi limetoa maji yote linaloweza kutoa. Katibu akilipanga jambo hili mara moja mbele ya wanachama, wakaona kwa macho yao kilo 4 zikipotea bila ya mtu kuziiba, hatalazimika kulieleza mara ya pili.

Muda wa kukausha wategemea zaidi upasuaji kuliko aina ya mti. Maji hutoka upesi kwenye ncha na kwenye uso uliopasuliwa, gamba huyazuia. Gogo zima la unene wa paja laweza kukaa mwaka likaonekana kavu kwa nje, na ndani lingali limelowa. Likipasuliwa vipande vya unene wa kifundo cha mkono, miezi michache ya jua na upepo inatosha. Mikaratusi ipasuliwe ingali mibichi, kwa kuwa ikisha kukauka hujisokota na kumshinda mwenye shoka. Migrevilea inayokatwa matawi ili kupunguza kivuli shambani hukauka kwa wepesi, ingawa haikai sana motoni. Matawi na mashina ya mibuni yanayoondolewa wakati wa kupogolea, mara baada ya mavuno, ni kuni nzuri mno: mti wake ni mgumu, unene wake umeshafaa, na hauhitaji shoka. Ni ajabu kwamba mashamba mengine huyachoma matawi hayo papo hapo ili kusafisha njia, kisha wenyewe wakaenda kununua kuni sokoni.

Rundo lisipangwe juu ya udongo. Liwekwe juu ya mawe au magogo mawili ili upepo upite chini, lifunikwe juu tu kwa bati au makuti, na pande zake ziachwe wazi. Karatasi la plastiki lililofunikwa mpaka chini hufungia maji ndani, na kuni huota ukungu. Aliyekata na kupasua mara masika inapokwisha ana miezi yote ya kipupwe mbele yake, na kuni zake zitakuwa tayari kabla ya vuli. Aliyengoja mpaka vuli inyeshe ndipo akatafute kuni, atapika kwa maji hadi Januari. Uchaga wa juu ya jiko, ambao nyumba nyingi zinao, hufaa kwa kumalizia unyevu wa siku za mvua, bali haufai kuwa ndio ukaushaji wenyewe, wala haufai kabisa mahali ambapo paa ni la nyasi na jiko halina dohani.

Kuni zikisha kuwa kavu, kuuwasha moto si kazi ngumu, ila ina taratibu. Kusudi la dakika tano za kwanza ni kulipasha moto jiko, si sufuria. Vijiti vyembamba kama penseli, vilivyokauka kabisa, viwashwe kwa ncha, na vipangwe kwa kuachana kidogo ili hewa ipite kati yake. Katika jiko lenye dohani na chumba kirefu, yafaa kuwasha kwa juu: kuni nene kiasi chini, vijiti juu yake, na nyasi kavu au makaratasi juu kabisa. Moto ushuke wenyewe. Jambo hili huwashangaza watu, kwa kuwa desturi ni kuwasha chini. Lakini moto ukiwa chini ya rundo la kuni baridi, kuni zote hutoa mvuke kwa mara moja na juu hakuna ndimi za kuuchoma. Moto ukiwa juu, kila mvuke unaopanda hupita motoni. Dohani nayo ikisha kupata joto huvuta hewa yenyewe. Ikiwa baridi, moshi hurudi jikoni, na wengi hulitupa jiko kwa ajili ya dakika hizo tano tu.

Mafuta ya taa, mifuko ya plastiki na vipande vya matairi visitumiwe kuwashia. Plastiki inapoungua katika moto hafifu wa jikoni hutoa sumu ambazo jiko lolote haliwezi kuzimaliza. Vivyo hivyo mbao zilizopakwa rangi na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa. Mnyaa ni vema kuuepuka, kwa sababu utomvu wake huumiza macho, na moshi wake vilevile.

Moto ukishakolea ndipo kazi yenyewe inapoanza, nayo ni kulisha. Katika jiko la mlango mdogo, ncha za kuni ndizo zinazopaswa kuungua, nazo husukumwa ndani kidogo kidogo kadiri zinavyokwisha. Ukuni ukisukumwa wote ndani, hutoa mvuke kwa urefu wake wote, na chumba hakina hewa ya kuuchoma mvuke huo. Kijiti kimoja peke yake huzimika, kwani huhitaji mwenzake wa kukipa joto. Viwili au vitatu vinavyotazamana huwaka vema. Vikiwa sita ni moshi. Nusu ya mlango, tena nusu ya chini, ibaki wazi kwa ajili ya hewa, na kuni zilazwe juu ya kichanja cha chuma au cha matofali ili hewa ipite chini yake. Hewa inayopita chini ya kuni hufika kwenye makaa ikiwa imeshapata joto. Majivu yakijaa yakaziba njia hiyo, jiko limerudi kuwa mafiga. Yaondolewe kila asubuhi. Mwenye shamba la migomba anajua pa kuyapeleka.

Anayeendesha jiko hana kipimajoto, lakini ana macho. Ndimi ndefu za rangi ya manjano angavu, zenye kutulia, ni njema. Ndimi nyekundu zenye ncha za moshi mweusi zaonyesha kuwa hewa imepungua au ndimi zinagonga sufuria kabla hazijamaliza kuungua. Moshi mweupe mnene ni maji na lami: ukuni ni mbichi au jiko lingali baridi. Moshi wa buluu unaokaa chini na kuwasha pua ni lami ya ukuni unaofuka bila ndimi. Moto ulio sawa, mtu akisimama nje akatazama ncha ya dohani, ataona hewa ikitetema kama juu ya bati wakati wa adhuhuri, na si zaidi ya hapo. Sufuria nayo hutoa ushahidi: masizi makavu membamba ni kawaida ya kuni, bali utando mweusi unaonata ni lami ambayo haikuungua.

Desturi moja yapasa kuachwa, hata kama iliheshimiwa. Ni ile ya kufukia gogo ndani ya majivu lifuke usiku kucha ili moto usizimike. Ilikuwa na maana wakati kibiriti kilipokuwa adimu. Leo gogo hilo linalofuka ni kiwanda cha moshi, hasa katika nyumba ambamo watoto wanalala chumba kimoja na jiko. Chakula kikiiva, kuni ambazo hazijaisha zitolewe, ncha zake zizimwe ndani ya majivu, na kesho zitawaka mara moja kwa kuwa ncha hizo zimekuwa makaa. Kadhalika maharage yaliyolowekwa tangu jana na sufuria yenye kifuniko hupunguza saa za moto, na moto usiowashwa hauna moshi wowote. Chakula kikishachemka, kijiti kimoja kiondolewe na viwili viachwe. Maji yanayochemka kwa kishindo hayana joto kuliko yanayochemka kwa utulivu.

Kuhusu ujenzi wa jiko, neno moja linatosha kwa leo. Wapo mafundi wanaosifu ukuta mnene wa udongo kwa kuwa unatunza joto. Huko Guatemala, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976, lilienezwa jiko kubwa la udongo na mchanga lililoitwa Lorena, nalo likasifiwa kuwa linaokoa kuni. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa mara nyingi halikuokoa kitu, maana udongo mwingi uliokuwa ubavuni mwa moto ulilinyonya joto kabla ya sufuria kulipata. Katika miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani, Larry Winiarski, alipanga kanuni za jiko lenye chumba chembamba kilichozungushiwa vitu vyepesi visivyonyonya joto, kama majivu au matofali ya udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Kamati inayochagua fundi na iulize: kinachozunguka chumba cha moto ni kizito au chepesi? Na nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko isizidi unene wa kidole, ili hewa ya moto ilazimike kuambaa na sufuria.

Sasa yafaa kurejea kwenye lile daftari la mikopo. Katika jimbo la Orissa nchini India, wachumi watatu, Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone, walifuatilia kaya zipatazo 2,600 zilizogawiwa majiko ya udongo yenye dohani, na baadhi walizifuatilia hadi miaka 4. Katika mwaka wa kwanza moshi uliovutwa na wapishi ulipungua. Baadaye upungufu huo ulitoweka. Afya ya mapafu haikubadilika, na kuni zilizotumika hazikupungua. Majiko yalipasuka yasizibwe, dohani zikajaa masizi zisisafishwe, na mafiga yakaendelea kutumika kando yake. Huko Malawi, uchunguzi uliofanyika katika vijiji 150 na matokeo yake kutolewa mwaka 2016 uligawa majiko ya kisasa yenye feni ndogo. Watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano waliangaliwa, na ugonjwa wa nimonia haukupungua hata kidogo. Majiko mengi yaliharibika, na moshi mwingine wa takataka na mioto ya nje haukukoma.

Asitoke mtu hapa akisema basi majiko ni bure. Katika nyanda za juu za Guatemala, kati ya mwaka 2002 na 2004, nyumba 534 zilichunguzwa, nusu zikiwa na jiko la dohani na nusu zikiwa na moto wa wazi. Wachunguzi walizitembelea nyumba hizo kila wiki. Nimonia kali ya watoto wachanga ilipungua kwa kiasi cha theluthi moja katika nyumba zenye jiko. Nchi hizo ni mbali, na majiko yao si sawa, hivyo si haki kuzilinganisha kama magunia mawili juu ya mizani. Lakini katibu yeyote ataona tofauti iliyo wazi: mahali pamoja mlango wa jikoni uligongwa kila wiki, pengine haukugongwa. Na jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Lipo kosa linalofanywa na vyama vyenyewe. Mwanachama aliyeandikishwa aghalabu ni baba mwenye shamba. Mkopo wa jiko hutoka kwa jina lake, na fundi akija kufundisha, taarifa hubandikwa kwenye ubao wa chama na wanaokuja ni walioandikishwa. Baba husikiliza, huuliza maswali mazuri, hutia sahihi, hurudi nyumbani. Jioni jiko huwashwa na mkewe au binti wa miaka kumi na miwili ambaye hakualikwa. Chama kimemfundisha mtu asiyepika na kumwachia jiko mtu asiyefundishwa, na baada ya mwaka kamati huandika katika taarifa yake kwamba wanawake hawapendi mambo mapya. Mafunzo na yafanyike jikoni, saa ya kupika, kwa kuni za nyumba hiyo hiyo, na anayeshika ukuni awe yule atakayeushika kesho. Baba naye ana funzo lake, kwa sababu kupasua na kupanga kuni mwishoni mwa masika ni kazi ya shoka, na bila ya kazi hiyo mkewe atalaumiwa kwa moshi ambao si wake.

Ni kweli kwamba Serikali ya Tanzania, katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, imekusudia asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wa muda huo. Hata jiko bora la kuni, likiendeshwa na mpishi hodari, halifikii usafi wa gesi au umeme, na mwanachama mwenye uwezo wa kuhama na ahame. Ila mtungi wa gesi una tabia ya kwisha kabla ya malipo ya kahawa kufika, na nyumba yenye mtungi mtupu hurudi kwenye kuni jioni hiyo hiyo.

Tahadhari moja haiwezi kuachwa. Kukosa moshi si kukosa sumu. Makaa mekundu yasiyo na ndimi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua aliyelala. Jiko la mkaa, au karai la makaa yaliyotolewa kwenye jiko la kuni, lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala ili kuota moto wakati wa baridi, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Kichwa kikiuma na miguu ikilegea karibu na makaa, watu watoke nje kwanza, maswali yafuate.

Katika daftari la majiko, makatibu wanaombwa kuongeza safu nne pembeni ya safu ya fedha: jina la anayepika, kama alifundishwa jikoni mwake, mwezi ambao kuni za nyumba zilipasuliwa, na tarehe ya mwisho dohani iliposafishwa. Dohani inayotumika kila siku isafishwe kila mwezi, tena ikiwa baridi, kwa sababu lami iliyoganda ndani huziba njia ya hewa, na siku moja yaweza kushika moto hadi paani. Kazi hiyo yahitaji brashi ya waya yenye mti mrefu. Hakuna haja ya kila nyumba kununua yake. Brashi mbili zinatosha chama kizima. Zihifadhiwe ghalani karibu na mizani, na anayechukua aandikwe jina pamoja na siku ya kurudisha.